KIDOLE GUMBA SI SAHIHI



Twajua sote namna gazeti letu hili linavyotembea. Mmoja hulishika akalisoma kwa sauti barazani, na watu saba au wanane wakamsikiliza hali wanakunywa kahawa. Likisha kusomwa pale hupelekwa mtaa wa pili, na huko tena mmoja akasoma na wengine wakasikiliza. Twajivunia jambo hili, tukasema kwamba gazeti letu lina wasomaji wengi kuliko karatasi zake. Lakini tuseme kweli: wasomaji wake ni wachache, na walio wengi ni wasikilizaji. Na msikilizaji hupata kile tu alichopenda msomaji kumpa. Msomaji akiruka mstari, msikilizaji hajui kwamba umerukwa. Akitia neno lake mwenyewe, msikilizaji hulichukua akadhani limeandikwa.

Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu katika mikutano yetu twaitaja kila haki ipatikanayo duniani, ila hii moja twaipita upesi upesi kama mtu anavyolipita duka analodaiwa. Nayo ni haki ya mtu mzima aliyekosa skuli utotoni, au aliyetolewa skuli kabla ya kukomaa, kujua kusoma na kuandika kwa mkono wake mwenyewe. Nasema kwamba kazi hii ni ya majirani kabla ya kuwa ya serikali, na kabla ya kuwa ya chama chochote, na chetu kikiwamo. Na kila siku tunayoipoteza kwa kuingoja serikali au kuungoja ushindi, yuko mtu anayedhulumiwa siku hiyo hiyo.

ANAYEDHULUMIWA NI NANI?

Mimi ni muuza duka, na daftari la madeni nalijua. Mteja huchukua sukari, mchele na sabuni, nami huandika. Mwisho wa mwezi humtajia jumla. Yule ajuaye kusoma hulivuta daftari kwake, akapitisha kidole mstari kwa mstari, na mara nyingine akauliza, "Siku hii sisi hatukuchukua unga; vipi hapa pameandikwa unga?" Asiyejua hutoa pesa akanishukuru. Mwenye duka amchaye Mungu hatamdhulumu, lakini je, haki ya mtu itegemee ucha Mungu wa yule anayemdai? Sheria zote za dunia ziliwekwa kwa kuwa si kila mwenye duka humcha Mungu.

Na daftari la duka ni jambo dogo. Zama hizi pesa zenyewe zimeingia ndani ya simu. Mama anayeletewa fedha na mwanawe aliyeko Muscat au Dubai hupata ujumbe wa maandishi, na hajui umesema nini. Humwita kijana wa jirani, akampa simu, na pamoja na simu akampa namba yake ya siri. Siri gani tena hiyo? Kijana akiwa mwema, mama atakula. Kijana akiwa mwovu, mama ataambiwa kwamba mwanawe mwezi huu hakuleta kitu, naye atakaa akimnung'unikia mtoto asiye na kosa. Hapo haikupotea fedha tu. Imetiwa fitina baina ya mzazi na mwana.

Kisha yako mambo ya mashamba. Kila mmoja wetu amesikia kisa cha mzee aliyeletewa karatasi, akaambiwa kwamba ni ya kukodisha mikarafuu yake kwa misimu miwili, akatiwa wino katika kidole gumba, na msimu wa tatu alipokwenda kuchuma akaonyeshwa kwamba karatasi inasema ameuza. Alama ya kidole husema kitu kimoja tu, kwamba mtu huyu alikuwapo. Haisemi kwamba alifahamu, wala haisemi kwamba aliridhika. Kwa hiyo, ijapokuwa mahakama huipokea, mimi nasema kidole gumba si sahihi.

WENYE KUPINGA

Najua nitapingwa, na wapinzani wangu katika jambo hili ni wa namna tatu. Wa kwanza husema, "Samaki mkunje angali mbichi," maana yao mtu mzima hafundishiki. Wa pili husema kazi hii ni ya serikali, na serikali ndiyo inayochukua kodi. Wa tatu ni wenzetu wenyewe, ambao husema, "Tushinde kwanza, tukisha kushinda tutawasomesha wote." Nitawajibu mmoja mmoja.

MTU SI SAMAKI

Kwa wale wa samaki nataka niwapeleke katika kisiwa kingine, mbali na bahari yetu, kwa sababu huko kazi hii ilifanywa na watu wa hali kama zetu: wakulima, dereva wa basi, mwanamke mtengeneza nywele, na duka.

Kisiwa hicho huitwa Johns Island, nacho kipo pwani ya jimbo la South Carolina, Marekani, karibu na mji wa Charleston. Wenyeji wake weusi ni wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, wakalimishwa mpunga na pamba, na mpaka leo wana lugha yao iitwayo Gullah. Katika miaka ya 1950 sheria ya jimbo lile ilisema kwamba mtu hataandikishwa kupiga kura ila awe na mali ya dola 300 iliyolipiwa kodi, au aweze kusoma na kuandika kifungu cha katiba ya jimbo. Watu weusi hawakuwa na mali, na skuli zao zilikuwa duni, na watoto wengi wakiondolewa darasani wakati wa kazi za mashamba. Hivyo sheria haikuhitaji kusema, "Mtu mweusi asipige kura." Ilitosha kusema, "Asome."

Alikuwako huko bwana mmoja, Esau Jenkins, ambaye naye skuli aliiacha mapema. Alikuwa na basi lake, na kila asubuhi akiwachukua watu wa kisiwani kuwapeleka Charleston makazini. Humo humo garini akaanza kuwafunza abiria maneno ya katiba na sheria ya kuandikishwa. Miongoni mwa abiria alikuwamo bibi mmoja, Alice Wine, aliyetaka sana kupiga kura na hakuwa akijua kusoma. Alikihifadhi kifungu chote kwa kukisikia, akenda mbele ya mwandikishaji, akakisema kama anayekisoma, akapita.

Sisi tuliosoma chuoni hifdhi twaijua. Twajua mtoto anavyoweza kusoma juzuu nzima bila kukosea, na ukimwekea kidole juu ya neno moja asikwambie ni lipi. Bibi yule naye alijua tofauti hiyo. Alikwisha pata kura yake, na wengine wangeridhika, lakini yeye aliendelea kudai afunzwe kusoma khasa. Hakutaka kuupita mlango kwa hila kisha akae ndani gizani.

Basi Jenkins akatafuta msaada. Mwaka 1954 alikwenda Highlander Folk School, chuo cha watu wazima katika milima ya Tennessee kilichoasisiwa mwaka 1932, ambacho Myles Horton alikuwa mmoja wa waasisi wake. Aliyempeleka ni mwalimu Septima Clark, mwanamke aliyepata kusomesha Johns Island tangu ujana wake. Mama huyu mwaka 1956 alifukuzwa kazi baada ya ualimu wa karibu miaka 40, kwa kuwa jimbo lilipitisha sheria ya kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa jumuiya ya kutetea haki za watu weusi, naye akakataa kuukana uanachama wake.

Sasa nisikilizeni wenye maduka. Watu wa Johns Island walikuwa na jumuiya yao waliyoiita Progressive Club. Walikopa kwa Highlander dola 1,500, wakanunua jengo kuukuu la skuli, na mbele yake wakafungua duka la ushirika. Faida ya duka ikalipa deni. Nyuma ya duka wakaweka vyumba visivyo na madirisha, na humo wakasoma, ili mzungu anayepita aone duka tu. Mchele na sukari ndivyo vilivyoificha skuli, na mchele na sukari ndivyo vilivyoilisha.

Darasa la kwanza lilifunguliwa tarehe 7 Januari 1957 kwa watu 14. Mwalimu wao hakuwa mwalimu. Alikuwa Bernice Robinson, mtengeneza nywele, jamaa yake Septima Clark. Walimchagua kwa makusudi, kwanza kwa sababu hakuwa na mazoea ya mwalimu wa kudharau wasiojua, na pili kwa sababu riziki yake ilitoka kwa wateja weusi wenzake, na hapakuwa na bwana mzungu wa kumfukuza kazi. Aliingia darasani akawaambia kwamba yeye hakuja kuwa mwalimu wao, bali watajifunza pamoja, kisha akawauliza wanataka kujua nini.

Walitaka kuandika majina yao. Walitaka kusoma Biblia yao, na barua za watoto wao waliohamia mbali. Walitaka kujaza fomu ya hawala ya posta na karatasi ya kuagizia vitu dukani. Walitaka hesabu. Basi hayo ndiyo yaliyofunzwa, pamoja na maneno ya katiba. Ukutani ukatundikwa mfano wa Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, wawe na maneno ya watu wazima ya kuyafikia.

Na kabla ya hapo yalikuwapo mafunzo ya watu wazima yaliyolipiwa na serikali katika kisiwa hicho hicho, na watu wakayakimbia. Waliwekwa katika viti vya watoto, magoti yakafika kifuani, wakapewa vitabu vya watoto, na watoto wenyewe wakawacheka. Wenye mafunzo yale bila shaka walikwenda wakasema, "Tulijaribu, watu wazima hawafundishiki." Watu ni wale wale na kisiwa ni kile kile. Alipokuja mtu aliyewaheshimu, wakafundishika.

Darasa lile likazaa mengine katika visiwa jirani vya Wadmalaw na Edisto, na katika mji wa Charleston. Wengi wa wanafunzi wa kwanza wakaandikishwa kupiga kura. Mwaka 1961 serikali ya Tennessee ilikifunga chuo cha Highlander na kuichukua mali yake, lakini ilikuwa imechelewa, kwani kazi ya madarasa ilikwisha hamishiwa katika jumuiya iliyoongozwa na Martin Luther King. Septima Clark akaendelea kuwafunza walimu wa namna ile, wakulima na wafua nguo na watengeneza nywele, mpaka madarasa yakaenea katika majimbo ya kusini. Mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya Marekani yote iliyoondoa mtihani wa kusoma katika majimbo yale. Walioambiwa "Asome" walisoma, na wenye kuuweka mtihani wakanyang'anywa mtihani wao.

Mtu si samaki. Samaki huwa mkavu kwa kuwa amekwisha kufa.

SERIKALI NA MIPAKA YAKE

Nawageukia wale wasemao kazi hii ni ya serikali. Mpe mwenye haki haki yake, ijapokuwa si mwenzako. Huko Bara, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge mwaka 1964 juu ya mpango wa miaka mitano alisema kwamba watu wazima ndio watangulie kusomeshwa, kwani taifa haliwezi kungoja watoto wakue. Mwaka 1970 ukaitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha ikatolewa ahadi kwamba katika wilaya sita ujinga wa kutojua kusoma utafutwa kabla ya kwisha mwaka 1971, na mbili katika hizo ni visiwa, Mafia na Ukerewe. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1975 walikuwa 39, na mwaka 1986 hesabu za serikali zilisema hawafiki 10. Ni kazi kubwa, na asiyeikubali ni mwenye choyo.

Lakini waliifanya nani? Walioifanya zaidi hawakuwa maofisa. Walikuwa vijana waliomaliza skuli ya msingi, watumishi, mashekhe, mapadri, akina mama waliojua kidogo zaidi ya wenzao, wakisomesha chini ya miembe kwa posho ndogo au bila ya posho. Kulikuwa na vitabu vilivyosema juu ya pamba, uvuvi na afya, na kulikuwa na gazeti dogo la Mwanza liitwalo "Elimu Haina Mwisho", ili aliyejua herufi awe na cha kusoma.

Kisha zikaja shida za miaka ya 1980. Fedha zikapungua, posho zikakoma, magazeti yale yakafifia, na madarasa yakafungwa moja baada ya jingine. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ikaonyesha kwamba kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila watano hajui kusoma. Kutoka mmoja katika kumi kurudi mmoja katika watano! Amri ya serikali ilipotoka, darasa lilifunguka. Amri ilipochoka, darasa lilifungwa, kwa kuwa mtaa haukuwa na darasa lake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Sisemi serikali iachwe ipumzike. Idaiwe vitabu, idaiwe mafunzo ya walimu, idaiwe taa. Kodi ni yetu, na kila tarehe 8 Septemba, siku ya kisomo duniani, husikia hotuba nzuri na huona fulana zilizopigwa chapa. Ninalosema ni kwamba kinachodaiwa kwa serikali kiwe mafuta, na chombo kiwe chetu, ili siku mafuta yatakapopungua tuwe na makasia.

WALIOHESABIWA KUWA HAWAJUI

Hapa lazima niseme neno juu ya dhulma moja ambayo hata wasomi wetu huifanya bila kufikiri. Mwanamke amekwenda chuoni tangu ana miaka sita. Amekhitimu. Anaufungua msahafu popote akasoma. Huyu akifika ofisini huulizwa, "Unajua kusoma?" naye huinamisha macho akajibu, "Sijui." Ajuaje kujibu vingine, na tangu utoto ameambiwa kwamba kusoma ni kusoma herufi za kizungu?

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla hazijaja nyengine. Barua za biashara, nasaba, wasia na tenzi za Pate, Lamu, Mombasa na Unguja ziliandikwa hivyo, na Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, alikuwa mwanamke. Ilipokuja serikali ya kikoloni na skuli zake, herufi zikabadilishwa, na mtu aliyekuwa mjuzi jana akaamka mjinga, na hali yeye hakusahau kitu.

Mtu wa namna hii si wa kuanzishiwa upya kama mtoto. Anajua kwamba alama husimama badala ya sauti, na hiyo ndiyo nusu ngumu ya kusoma. Mwandikie jina lake kwa herufi anazozijua, na chini yake kwa herufi asizozijua, ukamwonyeshe kila moja na mwenzake. Atafika upesi kuliko wewe unavyodhani, tena atafika na kichwa chake kiko juu. Twasema hatuna walimu wala mahali, na katika kila mtaa pana chuo chenye mkeka, ubao na mwalimu mwenye subira, ambacho baada ya isha hukaa kitupu.

TUSHINDE KWANZA?

Nimewaweka wenzetu mwisho kwa kuwa ndio walionitia kalamu mkononi. Husema, "Tushinde kwanza." Nami nawauliza: Je, watu wa Johns Island wangalishinda nini kwanza? Walisoma ili washinde. Katika visiwa vyetu hivi uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957, mwaka ule ule wa darasa lile la nyuma ya duka. Wanawake hawakupiga kura, na wanaume wakawekewa masharti ya umri, ya mali na mengineyo. Masharti yale yameondoka. Kila mtu mzima leo ana kura. Lakini aliye na kura na hawezi kusoma yaliyoahidiwa, wala kusoma matokeo yaliyobandikwa mlangoni, amepewa nusu ya kura.

Nitasema na jambo zito zaidi, na anayetaka kukasirika akasirike. Wako viongozi, katika kila chama, na sisi hatukuepukana nao, ambao hawana haraka na jambo hili kwa kuwa mwanachama asiyejua kusoma ni mwepesi kumwongoza. Hupiga makofi vizuri. Haulizi kifungu gani cha katiba ya chama kinachompa mwenyekiti madaraka ya kuvunja kamati ya tawi. Haombi kuona daftari la michango. Husomewa muhtasari akainua mkono. Tukiwalaumu watawala kwa kuwafanya watu vipofu, kisha sisi wenyewe tukaona raha kuwashika watu hao mkono, tofauti yetu na watawala ni ipi?

Wengine wamekuja na shauri lililonitisha zaidi. Wasema, "Vyema, tufungue madarasa, lakini yawe ya chama: tutundike bendera, tuandikishe wenye kadi, na kila herufi tuifundishe kwa maneno ya chama." La hasha! Siku utakapotundika bendera juu ya mlango, nusu ya mtaa haitaingia, na pengine wenye shida zaidi wamo katika nusu hiyo. Mke atakatazwa na mumewe, mama atakatazwa na mwanawe mwenye kazi serikalini. Sheha atapata sababu ya kulifunga. Na uchaguzi ukipita, waliolifungua kwa ajili ya kura watalifunga kwa ajili hiyo hiyo. Madarasa ya Johns Island yaliwafundisha watu namna ya kupata kura. Wampe nani kura yao, hilo lilikuwa lao.

Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, mateka wa Makka waliokuwa wakijua kuandika na hawana mali ya kujikombolea waliwekewa fidia ya kuwafunza kuandika watoto wa Madina, na kila mmoja watoto kumi. Jana walikuwa wameshika panga kuja kuua. Leo wanakaa mbele ya watoto wakifunza. Hakuna aliyesema kwamba herufi zao ni za maadui. Ikiwa mateka wa vita walikubaliwa kuwa walimu, sisi ni nani hata tumkatae jirani yetu kwa kadi iliyomo mfukoni mwake?

SHAURI LANGU

Sipendi kuwa katika wale wanaolaumu wakaondoka. Yafuatayo yaweza kuanzwa katika mtaa wowote bila kungoja barua kutoka kokote.

Kwanza, iundwe jumuiya ndogo ya majirani, watu watano au sita, wanawake wawemo na wasiwe wa kupika chai tu. Isiwe tawi la chama, na iwe na daftari la fedha linalosomwa mbele ya watu wote kila mwezi.

Pili, mahali pawe pale ambapo watu wazima hawaoni haya kuonekana wakiingia: chuoni, ukumbini mwa nyumba, chumba cha nyuma cha duka. Viti vya watoto visitumike. Mkeka una heshima zaidi.

Tatu, mwalimu awe mtu wa mtaa. Asitafutwe mwenye vyeti vingi, atafutwe mwenye ulimi mzuri. Fundi cherehani ajuaye kusoma, mama muuza vitumbua ajuaye hesabu, kijana aliyemaliza skuli na hajapata kazi, wote wanafaa, wakiwa hawatamcheka mwenye kukosea.

Nne, wanafunzi waulizwe kwanza wanataka nini. Anayetaka kusoma ujumbe wa simu, simu yake ndiyo kitabu chake. Anayetaka kusoma karatasi ya hospitali, iletwe hiyo. Mvuvi ataka hesabu za mnada, na mchuma karafuu ataka kusoma mizani na risiti. Katiba na haki zitakuja zenyewe, kwani ajuaye kusoma risiti hachelewi kuuliza kwa nini imeandikwa vile.

Tano, saa na siku ziwe za wanafunzi. Mwanamke hawezi kutoka wakati wa kupika, na mvuvi hufuata bamvua. Siku mbili kwa juma zatosha. Msimu wa karafuu darasa lipumzike, lakini tarehe ya kurudi iandikwe ukutani kabla ya kuachana.

Sita, aliyejua asiachwe bila cha kusoma. Huko Bara tumeona: aliyefundishwa herufi kisha akakosa maandishi, herufi humtoka kama maji katika pakacha. Gazeti letu hili nalo liwe na wajibu wake. Nawaomba wahariri watenge robo ya ukurasa kila toleo kwa maneno mepesi, herufi kubwa, khabari za bei ya karafuu, za dawa, za bahari. Na humo yasitiwe maneno ya chama.

Na kwa viongozi wetu ninalo ombi moja tu. Katiba ya chama ipigwe chapa kwa herufi za kusomeka, ipelekwe katika kila tawi, na kila mwanachama mwenye kuitaka aipate. Kiongozi asiyeogopa kusomwa hataliona ombi hili kuwa zito. Atakayeliona zito, tutakuwa tumemjua.

Wenzangu wa maduka, neno la mwisho ni lenu. Mwaweza kusema kwamba mteja ajuaye kusoma atatusumbua kwa maswali, na kweli atatusumbua. Lakini deni lililosomwa na pande mbili hulipwa bila ugomvi, na duka linaloaminiwa hupata wateja. Kila mwenye duka ana chumba cha nyuma chenye magunia matupu na makasha yaliyovunjika. Magunia yakunjwe, makasha yawe viti. Mwenye chumba atoe chumba, mwenye taa atoe taa, mwenye saa mbili kwa juma atoe saa mbili. Msimu ukisha, tukutane tuhesabu madarasa mangapi yamefunguliwa. Na tuhesabu kwa kuyaendea na kuyaona, si kwa kusomewa orodha.

Wabillahi taufiq.

MWENYE DUKA